Kabla hujasema chanjo ya kideri ni feki, ulizia Gumboro kwanza

Kila msimu kwenye magrupu ya wafugaji ni malalamiko yaleyale. Mtu kachanja kuku wake kideri, ule ugonjwa wa kuku, siku ya 7, karudia siku ya 21, kaandika kila kitu kwenye daftari, halafu kuku wakifika wiki ya saba hivi wanaanza kupinda shingo na kuharisha kijani, ndani ya siku chache nusu banda limeisha. Jibu linakuja chapchap, chanjo feki hiyo. Mwenye duka la dawa za mifugo anatukanwa, kiwanda kinatukanwa, na kuna atakayesema yeye siku hizi hachanji, anatumia mwarobaini na pilipili kichaa. Sasa sikatai, zipo chanjo zilizokufa kabla hazijafika bandani, umeme umekatika Ijumaa umerudi Jumapili na chupa zimo tu kwenye friji, hiyo ipo. Ila kuna sababu nyingine, ugonjwa wa kirusi wa kuku unaoitwa Gumboro, hatuiongelei sana na inaua kuku wengi kimyakimya, na uzuri wake ukishaielewa unakuwa umeelewa pia kwa nini mtoto wako anachanjwa surua akiwa na miezi tisa badala ya siku aliyozaliwa.

Hii niliiona kwa jirani yangu, mama mmoja anafuga kuku machotara nyuma ya nyumba, mtu makini kweli, banda lake kavu, maranda anabadilisha, vyombo vya maji vinasuguliwa kila asubuhi. Kideri kikapita palepale. Akamwita daktari wa mifugo, kijana tu, akafika na glovu zake na wembe, akachukua kuku aliyekufa asubuhi ile akampasua juu ya boksi la vifaranga lililokunjuliwa. Akatoa bandama akaliweka pembeni. Halafu akamgeuza, akakata karibu na tundu la kutolea kinyesi, kwa juu upande wa mgongo, akatoa kitu kidogo kimesinyaa, kijivujivu, akakiweka kando ya bandama. Akamuuliza, "Mama, Gumboro ulichanja lini?" Yule mama akasema, "Mwanangu, sikuchanja, walikuwa wazima kabisa, wanakula wamechangamka, nikaona hela ya nini." Kijana akaonyesha vile vitu viwili pale kwenye boksi. Akasema kwa kuku wa umri huu hiki kidogo ilitakiwa kiwe kikubwa kuliko bandama, au angalau vilingane. Kilikuwa hata nusu yake hakifiki.

Hicho kidogo kinaitwa bursa. Na bursa ndo kiini cha habari yote.

Mwili wa kuku, kama wa kwako na wangu, una aina ya chembe nyeupe za damu zinazoitwa seli B. Hizi ndo zinatengeneza kingamwili, au antibodi kama wengi tunavyosema, na kingamwili ndo kinachokuokoa ukikutana na kirusi kwa mara ya pili. Kwa binadamu seli B zinazaliwa na kukomaa kwenye uboho, ule ute laini ndani ya mifupa. Kwa ndege ni tofauti, seli changa zinahamia kwenye bursa kifaranga akiwa bado ndani ya yai, na pale bursa ndo jandoni kwao, zinaingia hazijui kitu zinatoka zimeshakuwa seli B kamili, kila moja na kipokezi chake, yaani kishikio cha nje, cha umbo lake, zinasambaa kwenye damu, bandama, utumbo, kila kona. Kuku akikaribia kutaga au jogoo akikomaa bursa inasinyaa yenyewe kwa sababu kazi imeisha, wahitimu wameshaenea mwilini. Ndo maana kuku mkubwa huwezi kumuona anaumwa Gumboro, kirusi hakina pa kushika.

Na hata hiyo herufi B imetokana na bursa, sio mtu kakaa akachagua tu A, B, C. Historia yake mimi huwa inanifurahisha kwa sababu ni historia ya wafuga kuku wenzetu. Kifuko chenyewe kilielezwa na mwanaanatomia wa Padua huko Italia, Fabricius, maelezo yake yakachapishwa mwaka 1621 yeye keshafariki, na baada ya hapo kwa zaidi ya miaka 300 hakuna aliyejua kina kazi gani. Miaka ya 1950 kuna mwanafunzi wa chuo kikuu cha Ohio State Marekani, Bruce Glick, alikuwa anakitoa kwa upasuaji kwenye vifaranga aone watapungukiwa nini, wakakua, hakuona cha maana. Mwenzake, Timothy Chang, alitaka kuwaonyesha wanafunzi jinsi kuku anavyotengeneza kingamwili akidungwa bakteria wa salmonela, akaazima kuku wa Glick. Akadunga, akapima, hakuna kitu, kingamwili hamna! Wakaangalia kumbukumbu, kumbe ni wale waliotolewa bursa. Wakaandika ripoti wakaipeleka kwenye jarida kubwa la Science, ikakataliwa, ikaja kuchapishwa 1956 kwenye jarida la mambo ya kuku tu, Poultry Science, na wataalamu wa magonjwa ya binadamu wengi hawakuiona kwa miaka kadhaa. Mpaka 1965 Max Cooper na wenzake pale Minnesota wakarudia kwa kuku wakaonyesha wazi kwamba kuna kundi la seli linalotegemea bursa, hilo la kingamwili, na kundi lingine linalotegemea tezi ya thaimasi, hizo ndo seli T. Yaani sayansi ya kinga ya binadamu imepata nusu ya ramani yake kutoka matakoni mwa kuku, samahani kwa lugha ila ndo pale hasa.

Haya, sasa kazi ya kingamwili yenyewe. Kirusi cha kideri kimeingia puani kwa kuku. Mwilini kuna mamilioni ya seli B na kila moja kipokezi chake kina umbo tofauti na la mwenzake, nyingi zitaishi mpaka kufa hazijawahi kukutana na kitu cha umbo lake. Ila katika zote hizo zipo chache ambazo kipokezi chake kinakamata sehemu fulani ya hicho kirusi. Zikikamata, na zikipata ruhusa kutoka kwa seli T, zinaanza kugawanyika, moja inakuwa mbili, mbili nne, siku zinakwenda zimekuwa maelfu. Baadhi zinageuka seli plazma, hizo ni kutema kingamwili tu mchana na usiku, seli moja inatoa maelfu kwa sekunde. Nyingine zinabaki kama seli za kumbukumbu, hazifanyi kelele, zinasubiri.

Kingamwili chenyewe ni protini yenye umbo la herufi Y. Mikono miwili ya juu inashika kirusi, mguu wa chini unawaita wengine. Kikishakishika kirusi kwenye zile sehemu kinazotumia kujibandika kwenye seli, kirusi kinabaki kinaelea tu hakiwezi kuingia ndani, na kirusi kisipoingia ndani ya seli hakizaliani. Kwa bakteria, ule mguu wa Y unakuwa alama, chembe za kula uchafu zinauona zinakuja kummeza mzimamzima, na kuna protini nyingine kwenye damu zikiona kingamwili kimejipanga juu ya bakteria zinamtoboa ngozi yake anapasuka. Kwa sumu kama ya pepopunda kingamwili kinaizuia tu isifike kwenye mishipa ya fahamu. Hii ya sumu ndo iliyogundulika mwanzo kabisa, 1890 Emil von Behring na Kitasato Shibasaburō huko Berlin walichukua maji ya damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu ya pepopunda wakamdunga mwingine asiye na kinga, naye akapona na sumu ile. Hawakujua seli B ni nini wakati ule, walijua tu kuna kitu kwenye damu kinahamishika.

Shida ni muda. Mara ya kwanza kabisa mwili kukutana na kirusi inachukua wiki moja mpaka mbili hivi kingamwili kijae cha kutosha, na kideri kikali hakikupi hizo wiki mbili. Chanjo kazi yake ni kununua huo muda mapema. Unamuonyesha kuku kirusi kilichodhoofishwa, seli B zinafanya zoezi lote, kumbukumbu inabaki, siku kile chenyewe kinakuja kinakuta kingamwili kiko tayari na seli za kumbukumbu zinaamka ndani ya siku chache. Sasa angalia vizuri hapo, chanjo haina kinga ndani ya chupa. Chupa ina kirusi tu. Kinga inatengenezwa na seli B za kuku mwenyewe, na kama hana seli B za kutosha umemnywesha maji.

Na Gumboro ni kirusi kinachokula seli B. Sio kwamba zinaumia kwa bahati mbaya, hapana, hizo ndo chakula chake, zile changa zinazoishi ndani ya bursa. Jina limetokana na mji wa Gumboro, jimbo la Delaware kule Marekani, ambako ugonjwa ulionekana, ukaelezwa rasmi 1962. Kifaranga wa wiki tatu mpaka sita akipata utaona, manyoya yamesimama, wanajikusanya kona moja, kuhara majimaji meupe, wengine wanajidonoa sehemu ya nyuma kwa sababu pale ndani kunawaka moto. Ukimpasua siku ya tatu au ya nne bursa imevimba, imezungukwa na ute wa njano, pengine ina damu, na kwenye mapaja na kifua kuna michirizi ya damu ndani ya nyama. Baada ya wiki imesinyaa, ndo ile niliyoiona juu ya boksi. Aina kali zaidi ilizuka Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1980 ikaenea mpaka huku kwetu, hiyo inaweza kuondoka na sehemu kubwa ya banda ndani ya wiki.

Ila mimi naiogopa zaidi ile ya chini ya wiki tatu. Kifaranga mdogo hivyo akiambukizwa haonyeshi chochote, anakula, anakimbia, unajisifu vifaranga wa mara hii wazuri kweli. Wakati huo bursa inaungua ndani kabla haijamaliza kusambaza wahitimu wake. Akipona anabaki na upungufu wa seli B maisha yake yote. Utachanja kideri, utachanja ndui, mwili unajibu kidogo sana au haujibu, na E. koli, koksidia na kila kinachopita kinamkuta hana kitu. Unakuja kulaumu chanjo ya kideri wakati aliyeharibu alishapita mwezi uliopita bila hodi. Na usikimbilie antibayotiki kutibu Gumboro, ni kirusi, hakisikii, antibayotiki daktari anaweza kukupa kwa ajili ya bakteria wanaodandia tu.

Sasa swali ambalo wengi wanauliza, kama ni hatari hivyo kwa wadogo si tuchanje siku ya kwanza? Hapo ndo utamu ulipo. Kuku mama mwenye kinga anaweka kingamwili kwenye kiini cha yai. Kifaranga akianguliwa anakuwa bado na kipande cha kiini tumboni, anakifyonza siku za mwanzo, na kingamwili cha mama kinaingia kwenye damu yake. Ni kinga ya kuazima, seli B zake hazijashiriki. Inamlinda kweli, lakini haijui kutofautisha kirusi cha mtaani na kirusi cha chanjo, ukimpa chanjo mapema kingamwili cha mama kinakidaka kile kirusi dhaifu kabla seli B za mtoto hazijakiona, na hakuna kilichojifunzwa. Ukichelewa sana nayo kinga ya mama imeisha, kirusi cha mtaani kinaingia kabla yako. Kwa broila hiyo kinga inapungua nusu kila siku tatu hadi nne, kwa kuku wa mayai inakwenda taratibu zaidi. Mashamba makubwa wanapima damu ya vifaranga ndo wanapiga hesabu ya siku. Sisi wa banda la uani hatupimi, vifaranga wenyewe umechanganyiwa kutoka kwa kuku mama tofauti, mmoja ana kinga nyingi mwenzake hana, kwa hiyo ratiba za huku zinasema Gumboro siku ya 14 halafu rudia siku ya 28, anayekosa raundi ya kwanza adakwe ya pili. Wanaokuambia dozi ya pili ni biashara ya wauza dawa waulize wao wamepima kingamwili cha vifaranga wao kwa mashine gani.

Kuna chanjo pia zimetengenezwa kali kidogo ili zipenye hata kama kinga ya mama bado ipo, ila zenyewe zinaikwaruza bursa, kwa hiyo usichukue kali eti kwa sababu ni kali, muulize mtaalamu eneo lako lina Gumboro ya namna gani.

Na wakati wa kunywesha jamani. Maji ya bomba yana klorini, klorini inaua kirusi cha chanjo kabla kuku hajaonja, tumia ya kisima au ya mvua yaliyo safi, na uweke maziwa ya unga yasiyo na mafuta kidogo kwanza ukoroge uyaache dakika kadhaa ndo ufungue chupa ya chanjo. Vyombo visioshwe na dawa wala sabuni siku hiyo. Wanyime maji saa moja au mbili kutegemea na joto, ili ukiweka wayagombanie wamalize ndani ya saa mbili, na vyombo viwe vingi maana wale wanyonge wanasukumwa pembeni hawanywi, na asiyekunywa hajachanjwa, hata kama kwenye daftari umeandika kuku wote.

Nirudi kwa watoto wetu maana niliahidi. Binadamu hana kiini cha yai, kingamwili cha mama kinapita kwenye kondo la nyuma hasa miezi ya mwisho ya mimba, na kingine cha aina tofauti kinakuja kwenye maziwa, hicho kinakaa kwenye utumbo na koo la mtoto. Ndo maana mjamzito anachomwa sindano ya pepopunda, seli B za mama zinatengeneza, mtoto anazaliwa nacho, kitovu kikikatwa sumu haimpati. Na ndo maana surua inasubiri miezi tisa hapa Tanzania na Kenya, kinga ya mama ya surua iwe imepungua, na inarudiwa miezi 18 kwa ajili ya wale ambao mara ya kwanza mwili haukushika. Ni hesabu ileile ya siku ya 14 na ya 28.

Kuna watoto wachache wanaozaliwa bila seli B kabisa, hasa wa kiume. Daktari wa watoto wa jeshi la Marekani, Ogden Bruton, aliandika mwaka 1952 kuhusu mtoto wa miaka 8 aliyekuwa anaugua magonjwa makali ya bakteria yanayojirudia, akapima damu akakuta protini za kingamwili hazipo. Akawa anamdunga kingamwili kutoka kwenye damu ya watu wazima, akatulia. Watoto wa namna hii miezi ya mwanzo wanakuwa wazima tu kwa sababu wanaishi kwa kinga ya mama, kuanzia kama nusu mwaka ndo nimonia na masikio kutoa usaha yanaanza kufuatana. Kwa hiyo mtoto ambaye kila mwezi ni nimonia, sio mafua ya kawaida nasema nimonia, mwambie daktari akumbuke na hilo.

Na surua yenyewe ni Gumboro ya watu kwa namna fulani, kirusi chake kinapenda kuingia kwenye seli zilezile za kumbukumbu. Mwaka 2019 watafiti walichapisha vipimo vya damu ya watoto wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa, kabla na baada ya kuugua surua, wakakuta mtoto alipoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili alizokuwa nazo kwa magonjwa mengine aliyokwishayaugua au kuchanjwa. Kapona surua, vipele vimeisha, mama kafurahi, kumbe kinga aliyoijenga kwa miaka dhidi ya vitu vingine kibao imefutwa na inabidi aanze kukutana navyo upya. Waliochanjwa surua hawakupoteza hivyo. Ukisikia mtu anasema surua ni ugonjwa wa kawaida wa utoto, acha apate akomae, mwambie akaangalie bursa ya kuku aliyepona Gumboro.

Yule jirani ameingiza wengine. Maranda ya zamani ameyatoa yote akayachoma mbali na banda, sakafu kasugua kwa sabuni kwanza ndo akapiga dawa, kwa sababu kirusi cha Gumboro ni kigumu, kinaweza kukaa kwenye banda tupu zaidi ya miezi mitatu na dawa ukiimwaga juu ya kinyesi kikavu haikifikii. Akaacha banda wazi wiki kadhaa jua liingie. Mara hii kabandika kalenda mlangoni, siku ya 14 na 28 kazungushia duara kwa kalamu nyekundu, na maziwa ya unga keshanunua, ila wajukuu wameyaonja nusu, itabidi anunue tena.